Msiseme "Ndiyo" Mbele ya Mashine

Mimi ni mwoga. Nawaambia mapema msije mkadhani mnasoma maneno ya shujaa. Hapa nyumbani Kathiani, wajukuu wangu wakitaka kunicheka huwasha blenda ghafla nikiwa jikoni, nami huficha mikono kwapani kabla sijajua ninachofanya. Wao hucheka mpaka wakae chini. Nawaacha wacheke. Nilifanya kazi katika kiwanda cha maembe nje kidogo ya mji wa Machakos, nikaanza nikiwa msichana wa kuchambua matunda, nikamaliza nikiwa msimamizi wa zamu, na nimestaafu na vidole vyangu vyote. Si wenzangu wote wanaoweza kusema hivyo.

Miaka ya mwisho niliongezewa kazi ya kuwaangalia wanafunzi wa atachimenti, wanaojifunza kazi kwa vitendo. Wengi walikuwa wa vyuo vya hapa hapa, lakini hakukuwa na msimu uliokosa wawili watatu kutoka ng'ambo, waliotumwa na vyuo vyao kuja kuona kazi inavyofanywa katika nchi za watu. Siku hizi nawaona pia watoto wa majirani zangu wakifunga virago kwenda kufanya hayo hayo huko mbali. Nyinyi mnaokuja na nyinyi mnaokwenda, nawaandikia wote, maana kilichonitisha kwa wale ndicho kinachonitisha kwa hawa.

Msidhani kilikuwa mashine. Mashine ina tabia moja, ukiijua umeijua. Kilichonitisha ni maneno. Mgeni huja na Kiswahili cha kutosha kuomba chai, kila mtu anampigia makofi, na kuanzia siku hiyo watu wanaacha kumchunga. Tulikuwa na kijana mmoja kutoka Ujerumani, mtiifu kupita kiasi. Asubuhi nilimwambia, "Ngoja hapo kidogo," nikaitwa ofisini. Saa ya chakula nikamkuta amesimama palepale, kando ya mizani, jua limemgeuza rangi. Kwetu sisi ukiambiwa ungoje kidogo unatafuta kivuli, unapiga gumzo, hata unaenda kununua njugu. Yeye alikuwa anangoja. Nilicheka siku hiyo mpaka machozi. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu niliwaza kwamba mtu anayesimama pale ulipomwambia asimame, ndiye atakayetia mkono pale anapodhani umemruhusu.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kioko, fundi wa mitambo, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na vidole vitatu. Siku yangu ya kwanza alinisalimia kwa mkono huo makusudi, akaukaza, akaniuliza nimehisi vingapi. Nikauficha mkono wangu kwapani. Akaniambia basi tumeelewana. Alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, mashine iliyosimama si mashine iliyozimwa. Ya pili, kabla ya kutia mkono ng'oa fyuzi, uitie mfukoni mwako wewe mwenyewe, si mfukoni mwa rafiki yako. Zamani hizo fyuzi zilikuwa kubwa, za kushika kwa kiganja, na mzee Kioko alikuwa akienda chooni zinagongana mfukoni kama mtu aliyetoka kuuza ng'ombe. Mafundi wenzake walimtania sana kwa uoga wake. Yeye aliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha akaendelea na chai yake.

Alistaafu, na baada yake zikaja mashine mpya. Boksi la swichi likawa la vitufe vya rangi na taa ndogo ndogo, tena likawekwa nyuma ya tangi, ambako aliye kwenye mashine hamwoni aliye kwenye swichi. Hakukuwa na fyuzi tena ya kutia mfukoni. Mmoja anabonyeza kule, mwingine anatia mkono huku, na katikati yao hakuna kitu isipokuwa maneno. Nililalamika, nikaambiwa nisiwe na wasiwasi, mashine hizi zina akili. Kweli zilikuwa nazo. Ile ya kutoa mbegu za maembe ilikuwa na kidude cha kuilinda mota: mbegu ikikwama na mota ikizidiwa, kidude kinakata stima na mashine inasimama kimya. Mota ikipoa, kinairudisha stima chenyewe, na mashine inaamka bila kuamshwa na mtu. Nilikuwa nikipita karibu nayo imesimama hivyo, nywele zinanisimama.

Msimu mmoja kabla sijastaafu akaja Syombua.

Alizaliwa Uingereza na huko ndiko alikokuwa akisomea uhandisi. Chuo chake kilimtaka afanye kazi kiwandani miezi kadhaa, na wenzake walipochagua viwanda vya magari yeye alichagua kwa kina babake. Baba yake ni Mkamba wa Ndithini, mama yake ni Mluhya, kwa hiyo nyumbani kwao walikutana katikati, kwa Kiswahili. Alikiongea vizuri. Alikuwa na jina letu, na uso wetu, na alicheka kwa kufunika mdomo kama wasichana wa huku. Akivaa dasti koti na kofia usingemtofautisha na wachambuzi wangu wa matunda. Wengine walifurahi wakasema huyu hana shida, ni wetu. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kijana wa Ujerumani ukimwona tu unakumbuka kwamba ni mgeni, unasema naye polepole. Syombua nani angemkumbuka?

Aliletwa getini na nyanya yake, ambaye sote tulimwita Susu, kama Wakamba tunavyowaita nyanya zetu. Alikuwa mama mdogo wa mwili, amevaa kitambaa chake cha kanisani, amebeba kuku ndani ya kikapu, zawadi yangu. Hata salamu hazijaisha vizuri alianza kunieleza habari za mwanawe, babake Syombua, aliyeondoka akiwa kijana kwenda kusoma na kuahidi kurudi. Alirudi mara moja, kumzika babake, akaondoka matanga yalipoisha. Sasa mjukuu ndiye amekuja, na Susu alimshika mkono kama mtu anayevuka barabara.

"Huyu nimepewa akiwa mzima," akaniambia. "Nataka kumrudisha akiwa mzima. Akiguswa hata na mwiba, unipigie."

Nilikipokea kile kikapu na nikajua kwamba usingizi wangu wa msimu huo umekwisha. Kila asubuhi nilimkagua msichana yule kabla hajaingia. Nywele ndani ya kofia, kucha fupi, viatu vimefungwa. Alikuwa na bangili ya shanga aliyopewa na Susu, nikamwambia aivue, akasema imebana. Nikaleta sabuni, tukaivua pamoja kwenye bomba, yeye ananuna na mimi nasugua. Nilimfundisha kwamba ukifika mahali pa kazi, kabla hujauliza choo kiko wapi, uliza swichi iko wapi, kwa sababu choo utakitafuta na utakipata. Wachambuzi wakanitania kwamba nimepata kitinda mimba uzeeni. Sikujali. Syombua mwenyewe alikuwa mwepesi wa kujifunza na mwepesi wa mikono, na wepesi wa mikono ndio ulioninyima amani.

Siku yenyewe tulikuwa tumeletewa maembe makubwa yenye mbegu pana, na mashine ilikuwa imelalamika tangu asubuhi. Mimi nilikuwa mezani nakagua matunda. Syombua alikuwa kwenye mashine ya mbegu. Nyuma ya tangi, kwenye vitufe, alikuwa Mutinda, mtu mzima mwenye watoto, mwangalifu, asiyewahi kunywa kazini wala kulala kazini. Nawaambia hivyo ili mjue hakuwa mtu wa ovyo. Mbegu ikakwama, mota ikanguruma kidogo, kisha mashine ikanyamaza.

Syombua alijaribu kijiti cha mbao kama nilivyomfundisha. Mbegu haikutoka. Akafungua kifuniko, akachungulia. Halafu akafanya jambo jema kabisa, ambalo wengi wenu hamtalifanya: akauliza kwanza.

"Mutinda, haujazima?"

"Ndiyo!" Mutinda akaitikia kutoka nyuma ya tangi.

Nami nikamwona Syombua anakunja mkono wa dasti koti.

Sasa simameni hapo na mimi. Mtu wa huku ukimwuliza "haujakula?" naye hajala, atakujibu "ndiyo". Maana yake ni kwamba ni kweli ulivyosema, sijala. Ni hivyo katika Kiswahili chetu na ni hivyo katika Kikamba, tumenyonya na maziwa ya mama, hatukumbuki kwamba kuna njia nyingine. Lakini Syombua, hata akisema Kiswahili, kichwa chake kilikuwa kinajibu kwa Kiingereza, na huko mtu akisema ndiyo maana yake jambo limefanyika. Mutinda alisema: ndiyo, sijazima. Syombua alisikia: ndiyo, nimezima. Neno lilitoka upande mmoja wa tangi likiwa onyo, likafika upande wa pili likiwa ruhusa.

Yote hayo niliyaelewa kwa mara moja, na sijui niliyaelewaje. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimemsikiliza msichana yule kwa hofu tangu siku ya kwanza. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Tena ni vizuri iligoma, kwa sababu mtu akiitwa hugeuka na mwili, na mkono hubaki nyuma. Nilikimbia. Mama mnene kama mimi, sakafu ina maganda ya maembe, sikumbuki kama miguu iligusa chini. Nilimshika nyuma ya dasti koti kwa mikono yote miwili nikamvuta, tukaanguka sote wawili, mimi chini na yeye juu yangu.

Na mashine ikaamka.

Ilianza taratibu, halafu ikashika kasi yake ya kawaida, kana kwamba hakuna lililotokea. Glavu yake ilikuwa imebaki ndani. Tuliisikia inavyosagwa. Ilitoka upande wa pili vipande vipande, pamoja na ile mbegu iliyokwama. Nililala pale sakafuni nikamshika vidole, kimoja kimoja, navipapasa na kuvirudia, naye ananitazama kama mtu asiyeelewa anachofanyiwa. Nilikuwa nalia. Sioni haya kuwaambia.

Mutinda alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu na kuja mbio. Aliponiona chini alishika kichwa.

"Nilimwuliza," Syombua akasema. "Nilimwuliza, akasema ndiyo."

"Si nilikwambia ndiyo?" Mutinda akasema. "Ndiyo, sijazima."

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na kila mmoja alimwona mwenzake amepotoka. Hapo ndipo hofu iliponishika zaidi kuliko nilipokuwa nakimbia. Ingekuwa kuna mwongo pale, au mlevi, au mzembe, ningemfukuza na kiwanda kingekuwa salama. Lakini hakukuwa na wa kufukuza. Kulikuwa na neno tu, tena neno zuri, ambalo kila mtu alikuwa akilitumia mchana kutwa.

Kwa hiyo nililifukuza neno. Tangu kesho yake ilikuwa marufuku mtu kusema ndiyo wala hapana karibu na mashine. Ulikuwa unasema yote: imezimwa, au haijazimwa. Natia mkono, au natoa mkono. Wakubwa wa kiwanda nao walitishika, wakaacha kunieleza habari za akili za mashine, wakaweka kufuli kwenye boksi la swichi. Anayetia mkono ndiye anayefunga, na ufunguo unakaa mfukoni mwake yeye mwenyewe. Nilitamani mzee Kioko angekuwa hai aone. Angecheka kwamba fyuzi zake zimezaa.

Sheria ile iliwaingia watu mpaka ikawafuata nyumbani. Ukimwuliza mtu kama ameshiba, anakujibu, "Nimeshiba." Mmoja wa wachambuzi wangu alifunga ndoa msimu huo huo, na mchungaji alipomwuliza kama amemkubali Muli kuwa mumewe, alijibu kwa sauti ya kiwandani, "Nimemkubali Muli kuwa mume wangu." Wazee wa kanisa walidhani ni imani nyingi. Sisi wa kiwandani tulikuwa nyuma, tunauma leso.

Mwisho wa zamu ile ya glavu, Syombua alinisihi nisimpigie Susu. Hajaguswa hata na mwiba, akasema, kwa nini tumtie mama mzee presha. Lakini nilikuwa nimekula kuku wa watu. Nikapiga. Nilimweleza Susu yote, mbuzi wakilia upande wake.

"Mikono yote miwili?" akauliza.

Nikamwambia mikono yote miwili ipo, nimeihesabu mimi mwenyewe. Akamshukuru Ngai. Kisha akashusha sauti, akaniomba nisimwambie babake mtoto, maana akisikia atamwita arudi, na akimwita hatamruhusu tena kuja. Nilielewa basi kwamba yule mama, alipoomba arudishiwe mjukuu akiwa mzima, hakuwa akiogopa mashine peke yake. Alikwisha kumpoteza mtoto mmoja ambaye hakuumia hata ukucha.

Kwa hiyo tukawa waoga wawili. Alinipigia kila wiki. Mimi nilichunga mikono, yeye alichunga moyo: je, mtoto anapenda chakula cha huku, je, anataja kwao, je, akipigiwa simu na wazazi anacheka au ananyamaza. Nilimjibu nilivyoweza. Syombua naye alizidi kuwa wa huku. Lakini lugha yake ilikuwa imekaa katikati ya daraja. Siku nyingine ungemwuliza, "Hautaki chai?" akasema ndiyo na kuondoka zake. Siku nyingine angesema ndiyo na kuleta kikombe. Wenzake walikuwa wanawekeana dau la andazi.

Miezi yake ikaisha. Niliandika ripoti ya chuo chake, nikasema yote. Siku ya kuondoka, binamu ya babake alikuja na gari getini kumpeleka uwanja wa ndege, na Susu alikuwa amefika mapema kutoka Ndithini na mfuko wa ndengu, ingawa aliambiwa kwamba ndengu ziko hata Uingereza. Akamrudishia Syombua ile bangili ya shanga mkononi, ikaingia bila sabuni. Msichana alikuwa amekonda kidogo kwa kazi. Alinikumbatia, akanionyesha vidole vyake vyote, tukacheka, kisha akaingia garini. Injini ikawashwa. Susu akashika ukingo wa dirisha.

"Hautarudi, ama?" akauliza.

"Ndiyo, Susu," Syombua akasema, machozi yanamtiririka, na gari likaondoka.

Vijana wangu, nilisimama pale getini na mwili wangu wote ukafanya kama ulivyofanya siku ya mashine. Alijibu kwa Kiingereza cha kwao au kwa Kiswahili chetu? Ndiyo, nitarudi? Au ndiyo, ni kweli usemavyo, Susu, sitarudi? Nilifungua mdomo nimwite aseme yote, kama kazini. Gari lilikuwa bado karibu, angenisikia. Nikautazama uso wa yule mama, nikaliogopa jibu, nikaufunga mdomo. Maembe yanapoanza kuiva, Susu bado hunipigia simu, na mimi bado sijui alichosikia siku ile.

Basi mkiwa mbali huko mnakokwenda, semeni yote. Semeni kwenye mashine, na zaidi semeni kwa hawa mnaowaacha getini. Mimi nilishindwa kumsaidia Susu kwa hilo. Gari lilipopotea kwenye kona alinigeukia, mkono bado uko juu kama umeshika dirisha.

"Amesema atarudi?" akaniuliza.

Nami, niliyelipiga neno lile marufuku kiwanda kizima, nikamjibu, "Ndiyo."